Kutoka kipande hadi viza: anayetia sahihi ni nani?

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini leo naomba mnivumilie niandike kuhusu makaratasi. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Septemba 2025, na naona nisipoliandika sitafanya kazi nyingine ya maana.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi naandika programu nikiwa hapa Nyeri kwa ajili ya kampuni moja ndogo ya Marekani, ambayo jina lake silitaji. Machi 2025 kampuni iliniandikisha kwenye bahati nasibu ya viza ya H-1B, ile wanayopewa wataalamu wa kigeni. Sikuchaguliwa. Bosi akasema tutajaribu tena mwaka unaofuata. Halafu tarehe 19 Septemba Rais Trump akatia sahihi tangazo lililosema kwamba mwajiri anayemwombea H-1B mpya mtu aliye nje ya Marekani atatakiwa kulipa dola 100,000. Siku tatu baadaye nikapata barua pepe ya bosi, fupi na ya upole: haiwezekani. Sikumlaumu. Mshahara wangu wa mwaka mzima haufiki hata nusu ya pesa hizo.

Basi nikafanya kile afanyacho mtu wa kompyuta akikwama: nikafungua jedwali. Nikaweka safu ya jina la viza, safu ya gharama, safu ya muda, safu ya sifa zinazotakiwa. Nikajaza njia zote mbadala nilizoweza kuzipata, za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Jumapili nikapanda matatu kwenda kumwona Guka, upande wa Naro Moru. Guka ameshapita miaka 90 lakini masikio yake ni mazima. Nikamweleza jedwali lote kwa Kikikuyu, na si kazi rahisi kueleza viza ya L-1 kwa Kikikuyu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na hiyo karatasi, anayetia sahihi ni nani?"

Safu hiyo sikuwa nayo.

Ili muelewe kwa nini mzee aliuliza hilo badala ya kuuliza mshahara, inabidi turudi nyuma miaka mia moja na ushei. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa Kenya mwaka 1915, ila kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alichukuliwa alama za vidole akapewa cheti, na cheti hicho alitakiwa kukibeba popote aendapo nje ya eneo lake. Kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Kiswahili kilikiita kipande, na mpaka leo utasikia mtu akiitwa "toa kipande" akiulizwa kitambulisho. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Nadhani jina hilo linajieleza.

Nikikitazama kwa macho ya kazi yangu, kipande kilikuwa rekodi iliyopangwa vizuri sana. Jina, kabila, wilaya, alama za vidole, jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachiliwa. Ujanja wote ulikuwa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni mshahara: mwajiri mpya aliona ulikuwa ukilipwa shilingi ngapi, kwa hiyo nafasi ya kujipigia bei ilikuwa imeshakwisha kabla hujafungua mdomo. Ya pili, na ndiyo iliyokuwa nzito, ni ile ya kuachiliwa. Bila sahihi ya mwajiri kwamba amekuruhusu kuondoka, hukuweza kuandikwa kazi kwingine kihalali, na ukitoroka ulikuwa umetenda kosa la jinai huku serikali ikiwa na vidole vyako kwenye faili. Aliyekibeba alikuwa na haki ya kusoma tu, na wengi hata kusoma hawakufundishwa. Haki ya kuandika ilikuwa ya mwajiri.

Babake Guka alivaa mbugi kwenye shamba la mlowezi karibu na Nanyuki. Sehemu hizo ziligawiwa wanajeshi wa Kiingereza waliotoka vitani, katika mpango wa mwaka 1919, na wenye mashamba walihitaji mikono. Harry Thuku alipoanza kuwakusanya watu mwaka 1921 kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, sauti yake ilifika hadi huku mlimani. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 mwezi huo watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Kipande kikaendelea kuning'inia shingoni robo karne zaidi, mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Guka mwenyewe, basi, hakuvaa mbugi. Ila wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliandaliwa karatasi yao peke yao, kijitabu cha kupitia. Bila kijitabu hukuajiriwa wala hukusafiri. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu, na sahihi aliyoihitaji haikuwa ya mwajiri tena, ilikuwa ya watu wa serikali waliokaa wakiamua nani mwaminifu na nani si mwaminifu. Hilo hapendi kulisimulia na mimi simsukumi.

Wageni je? Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuja kupumzika Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1930, akakaa kwenye nyumba yake ya Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akafa hapo tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko mjini na skauti wa dunia nzima huja kulizuru. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kwamba mtunza bustani wa jirani alikuwa na kikebe shingoni naye hakuwa nacho. Kundi jingine la wageni, mafundi na vibarua kama 32,000 kutoka India, waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu wenye ahadi ya nauli ya kurudi, na elfu sita na ushei wakabaki. Mimi naona ule mkataba ndio viza ya kwanza ya wataalamu wa kigeni katika nchi hii. Na sahihi ilikuwa ya nani? Mnajua.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kenya ilikuwa inaelekea uhuru bila wasomi wa kutosha. Njia kuu ya elimu ya juu ilikuwa Makerere au Uingereza, na nafasi zilikuwa chache mno. Marekani kulikuwa na vyuo vingi vilivyokuwa tayari kupokea wanafunzi, lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ilikuwa bado inagawa nafasi za kuhamia kwa nchi, na koloni halikupata zaidi ya 100 kwa mwaka. Yaani lango kuu lilikuwa karibu limefungwa. Tom Mboya, akisaidiwa na Gikonyo Kiano wa Murang'a, ambaye alikuwa amesoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, hakubishana na lango kuu. Alitumia mlango wa pembeni: viza ya mwanafunzi, ambayo haikuhesabiwa kwenye zile nafasi. Chuo kikikukubali na mtu akikufadhili, kilichobaki ni nauli.

Na nauli ndiyo iliyokuwa tatizo. Kwa hiyo Mboya akaenda Marekani kuomba. Mfanyabiashara William Scheinman akaunda naye shirika la kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuchangisha. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi na pesa hazikuwepo. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikakataa kusaidia. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa katikati ya kampeni ya urais, na wakfu wa familia yake ukatoa pesa za ndege ya mwaka huo.

Kiasi? Dola 100,000.

Niliposoma hiyo tarakimu ilibidi nisimame nitembee kidogo. Ndiyo, najua dola ya 1960 ilikuwa na nguvu zaidi ya mara kumi ya dola ya leo, msiniandikie kunisahihisha. Lakini zile 100,000 zilibeba karibu wanafunzi 300 mwaka mmoja. Mpango mzima hadi mwaka 1963 ulipeleka karibu watu 800 wa Afrika Mashariki. Na huku nyumbani mzigo ulibebwa na vijiji: watu waliuza mbuzi na ng'ombe, wakaitana chai za mchango, ili mtoto wa mwenzao apate koti, sanduku na pesa za kuanzia. Waliokosa hata pasipoti walipitia mlango mwingine kabisa, ule wa Oginga Odinga, kwa barabara kupitia Uganda na Sudan hadi Kairo, na kutoka huko wakapelekwa kusoma Ulaya Mashariki na Urusi.

Ndani ya kundi la 1960 alikuwemo msichana wa miaka 20 kutoka Ihithe, hapahapa Nyeri, aliyekuwa amesoma kwa masista wa Mathari na baadaye Loreto Limuru. Leo dunia inamjua kama Wangari Maathai. Alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, akamaliza shahada ya biolojia mwaka 1964, kisha akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Lakini kipande cha hadithi yake ambacho watu hukiruka ni kile cha kurudi. Januari 1966 alifika Nairobi akiwa na barua ya kuahidiwa kazi ya utafiti chuo kikuu. Akaenda kuripoti, akaambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na kwa sababu alikuwa mwanamke. Akabaki na barua mkononi. Kazi aliyoipata baadaye, katika idara ya anatomia ya mifugo, alipewa na profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann. Mgeni akamwajiri mwenyeji aliyekataliwa kwao! Alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, na Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Mwaka mmoja baada ya Wangari kurudi, kalamu ikabadilisha mkono. Kenya huru ilipitisha sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967, na kuanzia Desemba mwaka huo asiye raia alihitaji kibali cha kazi. Wahindi wengi hawakuwa wamechukua uraia katika ile miaka miwili ya muhula iliyoisha Desemba 1965. Walishikilia pasipoti za Uingereza, wakiamini ni njia ya kukimbilia. Waingereza nao wakapitisha sheria bungeni kwa siku tatu tu, ikaanza tarehe 1 Machi 1968, kuwazuia wenye pasipoti zao wenyewe. Badala yake wakaweka vocha, mwanzoni 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia. Fikiria fundi au mwenye duka ambaye ameishi Kenya maisha yake yote: sahihi moja inamtaka aondoke, nyingine inamkataza kufika. Sisi tunaopenda kulalamikia balozi za watu tukumbuke kwamba nasi tumewahi kuishika kalamu.

Hata leo tunaishika. Sheria yetu ya 2011 imegawa vibali kwa herufi. Daraja D ni la aliyeajiriwa, na mwajiri ndiye anayemwombea. Daraja G ni la mwenye biashara yake, anayetakiwa kuonyesha mtaji wa dola 100,000 (tarakimu hii inanifuata). Mwaka 2024 likaongezwa daraja N, kwa wageni wanaofanya kazi kwa intaneti kwa ajili ya waajiri wa nje. Hilo nalipenda, maana ni kazi yangu ikiwa imegeuzwa kichwa chini.

Haya, turudi kwenye jedwali langu, sasa likiwa na safu ya Guka. Nilipolipanga upya kwa safu hiyo, likawa jedwali jingine.

Kundi la kwanza ni zile ambazo sahihi ni ya bosi. H-1B yenyewe iko hapa. Ilizaliwa na sheria ya Marekani ya 1990 ikiwa na nafasi 65,000 kwa mwaka, ikapanda hadi 195,000 kati ya 2001 na 2003, ikarudi 65,000, na 20,000 zaidi kwa waliosoma shahada ya pili Marekani. Tafadhali msinisome vibaya, sisemi H-1B ni kipande. Tangu mwaka 2000 sheria inamruhusu mwenye nayo kuhamia mwajiri mwingine bila kuanza upya foleni, na tangu 2017 akiachishwa kazi ana hadi siku 60 za kutafuta nyingine. Lakini siku 60 ni siku 60, na mwajiri anazijua vilevile. L-1, ya mwaka 1970, haina bahati nasibu: ukifanya kazi mwaka mmoja kwenye tawi la kampuni nje ya Marekani, inaweza kukuhamisha. Kwa wenzetu walioko kwenye makampuni makubwa ya Nairobi hii ndiyo njia ambayo watu wengi huisahau. Tatizo lake ni kwamba haihamishiki, ni ya kampuni ile tu. Njia nyingine ni vyuo vikuu vya Marekani na mashirika ya utafiti, ambavyo tangu 2000 haviingii kwenye ukomo wa nafasi za H-1B, kwa hiyo havichezi bahati nasibu.

Kundi la pili ni zile ambazo sahihi ni ya pasipoti yako. Mkanada na Mmeksiko wana TN, Mwaustralia ana E-3 tangu 2005, raia wa Chile na Singapore wana H-1B1. Mkenya hana. Niliipitisha mstari nikaendelea.

O-1 iko katikati. Ni ya watu wenye uwezo wa kipekee, na lazima utimize angalau vigezo vitatu kati ya vinane: tuzo, maandishi juu yako, kuhukumu kazi za wengine, mshahara wa juu na kadhalika. Bado inahitaji mwajiri au wakala aliyeko Marekani akuombee. Ila haina ukomo wa nafasi.

Kundi la tatu ndilo lililonifanya nikae wima. Humo unajiombea mwenyewe. Marekani kuna njia ya ukaazi inayoitwa maslahi ya taifa, ndani ya daraja la EB-2. Inataka shahada ya pili, au ya kwanza pamoja na miaka mitano ya kazi iliyokuwa ikipanda, na tangu uamuzi wa kesi ya Dhanasar wa Desemba 2016 unapimwa kwa mambo matatu: kazi yako ina uzito, wewe unaweza kuisogeza mbele, na Marekani itafaidika ikikusamehe sharti la mwajiri. Uingereza ina Global Talent, iliyoanza Februari 2020: ukishapata idhini ya chombo cha fani yako unafanya kazi kwa yeyote, unahama bila kumuuliza mtu, unafungua kampuni yako. Ujerumani ina kadi ya fursa, Chancenkarte, tangu tarehe 1 Juni 2024. Ni ya alama, unakusanya angalau sita, unapewa mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa kule huku ukiruhusiwa vibarua vya saa 20 kwa wiki. Na tangu Novemba 2023 watu wa kompyuta wenye uzoefu wa miaka mitatu wanaweza kupata Blue Card ya huko hata bila shahada, mradi wana kazi yenye mshahara uliowekwa.

Hapa nitoe onyo. Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa wafanyakazi huko Berlin tarehe 13 Septemba 2024, habari zilienea kwamba Wakenya 250,000 wanatakiwa. Serikali ya Ujerumani ikakanusha siku hiyohiyo: mkataba hauna idadi yoyote. Lakini mawakala walikuwa wameshaanza kazi. Namjua mtu wa Karatina aliyeuza kiploti kulipia "nafasi" ambayo haikuwepo. Kadi ya Ujerumani unaiomba mwenyewe, ukikutana na mtu anayekuuzia sahihi jua unarudi kwenye kundi la kwanza, na pengine chini yake.

Nisiwadanganye pia kwamba kundi la tatu ni mteremko. Uingereza ilipofungua viza ya wahitimu wa vyuo bora duniani, Mei 2022, orodha haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo juu ya mji, awe na alama zipi, hakuingia. Na hizo za kujiombea zinadai ushahidi ambao kijana wa mji mdogo hana mazoea ya kuukusanya. Sisi tunaandika programu, inafanya kazi, tunalala. Hatuhifadhi barua, hatuzungumzi kwenye mikutano, hatuweki jina.

Nimeamua kujaribu Global Talent ya Uingereza, upande wa wanaochipukia. Nina programu huria moja ya kusoma mizani ya vituo vya kukusanyia kahawa, ambayo watu wa nchi nyingine tatu wameichukua na kuitumia, na hiyo ndiyo silaha yangu. Wanataka barua tatu za wataalamu wanaoijua kazi yangu.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Guka habari hizo. Akahesabu kwa vidole: "Kwa hiyo wanaotia sahihi ni watatu?" Nikamwambia ndiyo, lakini wakishatia wanaenda zao, hakuna anayebaki na kalamu. Akafikiri kidogo, akasema hiyo ni afadhali, akaniuliza kama nimekula.

Barua mbili ninazo. Ya tatu naisubiri, ikifika nitawaambia. Somo la hifadhidata linaendelea wiki ijayo, tutaanza na haki za kusoma na kuandika.